Mchinja Nyati wa Mikongoni

Siku hizi bunduki ya bwana nyama ikilia kule bondeni, kinachofuata ni kimya. Ndege huruka kutoka kwenye matete, huzunguka, hutua tena, na mto Wami huendelea na safari yake kana kwamba hapana aliyekufa. Zamani haikuwa hivyo. Zamani mlio wa bunduki ulifuatwa na sauti ya mtu anayekimbia huku akilitaja jina la Mwenyezi Mungu, sauti kali, yenye mkwaruzo, iliyokatiza mashamba ya mpunga na kufika mpaka kwenye madirisha ya shule. Wanawake wa Mikongoni walipoisikia waliinjika vyungu kabla hata ya kujua ni mnyama gani aliyeanguka.

Ilikuwa sauti ya Masoud Kibwana, na alikuwa akikimbia ili awahi.

Mgeni atauliza, awahi nini? Mikongoni ni kijiji cha wakulima, kaskazini mwa Bagamoyo. Upande mmoja kuna mashamba yetu, upande wa pili hifadhi ya Saadani, na katikati hakuna kitu, hata kamba. Nyati wanatoka huko jioni kuja kula mpunga, na wenyewe hawajui kwamba wamevuka mpaka. Sisi tunaujua mpaka vizuri sana, hasa tunapotaka kulalamika. Mwananchi haruhusiwi kumuua mnyama. Anachoruhusiwa ni kupiga simu. Akipiga, bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, anakuja kutoka mjini kumfukuza mharibifu kwa fataki, na akishindwa kabisa anampiga risasi. Nyama inabaki kijijini. Lakini Mikongoni wengi ni Waislamu, na mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kuchinjwa ni kibudu, haliwi. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumkimbilia nyati aliyejeruhiwa, amfikie angali anapumua, amkanyage pembe na kumchinja. Watu wenye akili timamu hawaiombi kazi hiyo. Masoud aliirithi kwa baba yake, na malipo yake yalikuwa nyama ya shingo.

Nisije nikampamba. Masoud alikuwa mtu wa hasira za karibu. Alipenda kusifiwa, na asiposifiwa alijisifu. Kovu lake la pajani, alilolipata kwa nyati aliyeamka akiwa tayari ameshikwa pembe, aliwaonyesha hata watu waliokuja kwake kuazima jembe. Na jambo ambalo kila mtu alilijua yeye pia alilijua, kwamba wanyama wa Mikongoni walikuwa na tabia ya ajabu. Walikuwa waharibifu zaidi karibu na sikukuu. Ikikaribia Idi, au kukiwa na arobaini ya mtu mkubwa, utasikia simu zinapigwa: nyati ameua mbuzi, nyati amemfukuza mama mjamzito, nyati amekalia njia ya shule. Bwana nyama anakuja mbio, anakuta nyati mmoja mzee amesimama mbali, anacheua, anamtazama.

Bwana nyama wa miaka hiyo alikuwa Medard, kijana mrefu kutoka Bukoba, mpole, ambaye kila alipokuja Mikongoni aliondoka na sura ya mtu aliyeibiwa kitu lakini hajui ni nini. Alikuja na fataki, watu wakamwambia nyati wa huku wamezizoea. Alikuja na wataalamu wakatufundisha kupaka pilipili kwenye kamba za mashamba, tukashukuru, pilipili tukazitia kwenye mchuzi. Wakaja wengine na semina, chini ya turubai, na biriani ya mchana. Mama mmoja mwenye miwani akatuuliza kwa upole, "Ndugu zangu, ninyi mnaoishi na hawa wanyama, mnaona wana faida gani?"

Kila mmoja akatafuta lile jibu linalotakiwa. Mwenyekiti wetu, Haji, akakohoa akasema wanyamapori ni urithi wa taifa. Akapigiwa makofi.

"Nyama," akasema Masoud kutoka nyuma.

"Samahani, baba?"

"Umeuliza faida. Faida ni nyama. Nyingine sijaiona. Watalii wanapita na magari, vumbi linabaki kwetu."

Tulicheka mpaka turubai likatikisika. Lakini jioni ile mwenyekiti alimwendea nyumbani, akamwambia anakiaibisha kijiji. Ndivyo tulivyo. Jambo tunalolitenda wote mchana kweupe, ole wake anayelitaja.

Mwaka uliobadilisha mambo ni ule wa harusi ya Naila, binti yake Masoud wa pekee. Aliposwa na watu wa Bagamoyo mjini, familia ya zamani, watu wa biashara, wanaosalimiana kwa dakika nyingi na wanaotazama sahani kabla ya kumtazama aliyeileta. Wahida, mkewe Masoud, hakulala vizuri tangu siku ile mahari ilipopokewa. Karamu itafanyika Mikongoni. Watu wa mjini watakuja. Watalishwa nini?

"Tutapika pilau ya kuku," alisema Masoud.

"Kuku!" alisema Abdulnasir, kaka yake Wahida. "Shemeji, wewe ndiye mchinja nyati wa bonde zima hili, halafu binti yako aolewe kwa kuku? Watu watasema nini?"

"Watasema walikula kuku."

"Watasema tuna njaa."

Masoud hakujibu, maana na yeye moyoni hakuipenda ile pilau ya kuku. Alinyamaza, na Abdulnasir akakielewa kile kimya alivyotaka mwenyewe.

Alichokifanya Abdulnasir alikifanya pamoja na mwenyekiti Haji, kama zawadi kwa bwana harusi, kwa bibi harusi na kwa kijiji. Walikwenda kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, wakarudi na viroba vya chumvi ya mawe. Jioni, watu wakiwa msikitini, waliimwaga chumvi hiyo kwenye tuta la shamba la mpunga lililo karibu kabisa na matete. Nyati wanapenda chumvi kuliko mtoto anavyopenda sukari. Na shamba walilolichagua, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na matete, lilikuwa la Masoud mwenyewe.

Asubuhi, siku ya kuamkia harusi, mpunga wa Masoud ulikuwa umelala chini kama mkeka. Kundi zima lilikuwa limepita. Nyati mmoja, dume, alikuwa bado yupo, anaramba tuta.

Masoud alisimama ukingoni mwa shamba lake akalia kwa hasira. Aliwatukana nyati, akatukana hifadhi, akawatukana watalii ambao hawakuwepo. Haji na Abdulnasir walikuwa pembeni wanatikisa vichwa kwa masikitiko. Simu ilikuwa imeshapigwa.

Medard alipofika, kabla hajashusha bunduki, Wahida alimvuta kando. Mwalimu Genoveva, jirani yao aliyekuwa anapita kwenda shuleni, aliyasikia maneno yao.

"Bwana nyama, nakuomba kitu. Huyu mume wangu usimwache akimbie leo."

"Mama Naila, asipokimbia mtakulaje?"

"Akivunjwa mguu leo, nani atamwozesha mwanangu kesho? Mshike. Nakuomba kama dada yako. Mshike mpaka mnyama atulie."

Medard akamwahidi. Na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, jambo ambalo Mikongoni hatukulizoea kwa watu wa mjini.

Alipiga risasi mara moja, bunduki ikakwama, akaitikisa, akapiga tena. Nyati alipiga magoti, akanyanyuka, akaingia kwenye matete. Tukayaona matete yakitikisika, halafu yakatulia. Masoud alikuwa ameshachomoa kisu na kuanza kukimbia, na ile sauti yake imeshatoka, Medard alipomkamata kiuno kwa mikono miwili.

"Niachie!"

"Subiri, mzee. Yule amejeruhiwa, anakuvizia."

"Niachie, Medard, anakufa yule!"

"Subiri."

Masoud alikuwa na nguvu, lakini Medard alikuwa kijana. Walivutana pale kwenye mpunga ulioangamia kama watoto wanaogombea mpira, na sisi wengine, baadhi tukiwa juu ya miti, tukapiga kelele za kila namna. Wengine "mwache!", wengine "mshike!" Medard alipomwachia na wakaingia kwenye matete, wakubwa tukiwafuata kwa mbali, nyati alikuwa amelala ubavu, ulimi nje.

Masoud alichutama. Alikata unyasi, akamgusa nyati kwenye jicho. Jicho halikupepesa. Akaweka kiganja puani. Akangoja, akaweka tena. Akashika mkia, akauachia, ukaanguka kama kamba. Kisha akasimama, akarudisha kisu kwenye ala kikiwa kikavu.

"Kibudu," alisema.

Huwezi kuamini kelele zilizofuata. Haji alikuwa wa kwanza. "Hapana! Masoud, mimi nimemwona anapumua. Mbavu zilikuwa zinakwenda."

"Umemwonea wapi? Ulikuwa juu ya mkwaju."

"Juu ndiko kunaonekana vizuri!"

"Basi ungeshuka na kisu."

Abdulnasir alimshika bega, akashusha sauti kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Shemeji, mchinje tu. Ana joto bado. Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Na risasi nayo si sawa na mshale? Masheikh wengine wanasema ukisoma bismillahi wakati wa kupiga, mnyama ni halali hata akifa."

"Na aliyepiga alisoma nini?" aliuliza Masoud.

Wote tukageuka kumtazama Medard. Medard, ambaye ni Mkatoliki, alifuta jasho. "Bunduki ilikwama," alisema kwa aibu. "Nilisema 'mjinga wewe.'"

Watu wachache walicheka. Abdulnasir hakucheka. Akapandisha sauti: "Masoud! Wageni wanakuja kesho. Wakwe zako. Binti yako. Nyati mzima huyu hapa, amelala, umri wangu wote sijaona mnono kama huyu. Neno moja tu. Sema alikuwa hai."

"Nikisema alikuwa hai, watoto, wazee, wageni, wote wanakula kwa hilo neno langu. Wao hawakuwepo. Hawana mwingine wa kumwamini. Sasa mimi niwalishe mzoga kwa sababu wewe unaona haya ya kuku?"

"Unajifanya malaika leo! Miaka yote umekula nyati wa simu za uongo, hukufungua mdomo!"

Hilo lilimpiga Masoud. "Ni kweli," alisema. "Wale walikuwa uongo wenu na wangu. Lakini niliwachinja wakiwa hai."

Ndipo Medard, akirudi kuchukua maganda ya risasi, alipokanyaga chumvi. Aliinama, akaokota bonge, akalionja kwa ncha ya ulimi. Akauliza ni nani aliyeweka chumvi shambani. Akauliza tena, safari hii karibu analia. "Yaani mnamkaribisha mnyama, mnamwekea chakula, halafu mnaniita mimi nije nimuue kwa sababu ameitikia wito? Mnataka niandike nini mimi? Mnataka nini, jamani? Mkiwa na wanyama mnalia, wakiondoka mnawafuata!"

Masoud aliitazama chumvi, akautazama mpunga wake, akamtazama shemeji yake. Hakusema neno. Kwa mtu wa kelele kama yeye, lilikuwa jambo la kutisha.

Nyama waliichukua Wakristo, familia chache za upande wa shule. Ilikuwa nyingi kuwazidi, ikabidi waikaushe. Siku ya harusi upepo ulikuwa unatoka upande wao, na harufu ya nyati anayebanikwa ilikaa juu ya karamu ya Naila kama mgeni asiyealikwa. Mwalimu Genoveva aliona vibaya mno. Alileta majogoo wake watatu, wazima, wamefungwa miguu, akamkabidhi Masoud.

"Shikamoo, Baba Naila. Nimekuletea hawa. Wachinje mwenyewe, ili asiwepo mwenye maneno."

"Marahaba, mwalimu. Hawa watatosha meza ya bwana harusi."

Wengine walikula pilau ya papa mkavu. Wageni wa Bagamoyo walikuwa na adabu, hawakusema kitu. Bibi mmoja tu, aliyevaa dhahabu mpaka kwenye viwiko, aliigeuza pilau kwa kidole na kuuliza, "Kwani huku si ndiko kwenye nyati?" Wahida alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Alilia kwa sababu ya papa, na kwa sababu ni yeye aliyemwambia Medard amshike mumewe, na hakuweza kumwambia mtu.

Naila aliolewa, akaenda zake mjini, na kwa upande wake alisema pilau ilikuwa nzuri. Yangekuwa yamekwisha hapo ningekuwa nasimulia kisa cha kuchekesha. Lakini Mikongoni haina mazoea ya kuacha jambo liishe.

Mwaka uleule, kabla ya Idi, nyati mwingine "alivamia." Medard alikuwa amehamishwa. Bwana nyama mpya hakutaka maneno, alitaka simu zinyamaze. Risasi ilipolia, Masoud alikuwa ameshika kisu chake mlangoni, anangoja kuitwa. Hakuitwa. Mwenyekiti alikuwa amemteua Abdulnasir.

Abdulnasir si mtu wa mbio. Ana tumbo, na goti lake moja halikunji vizuri. Siku hiyo alikwenda bondeni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulipa kodi, akiwa amevaa koti. Alipofika alikuta, kwa maneno yake mwenyewe, mnyama yuko hai kabisa. Alichinja. Watu wakala. Mara ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Mpaka leo Abdulnasir hajawahi kukuta nyati amekufa. Wanyama wote wanamngoja.

Masoud hakuisema vibaya nyama hiyo. Kosa lake ni kwamba hakuila. Alipoalikwa kwenye hitima alikula wali mtupu, akaisukuma nyama pembeni ya sinia taratibu, bila maneno. Mara ya kwanza watu walidhani meno yanamsumbua. Mara ya pili walianza kutazamana. Mara ya tatu, kwenye sinia la msiba wa Mzee Muhidini, mzee mmoja aliyeketi naye alinyanyua mnofu, akauona mkono wa Masoud umetulia kwenye wali, akaurudisha mnofu mahali pake. Wa upande wa pili naye akarudisha. Sinia zima likabaki na nyama yake.

Haji alikuja kwake kesho yake, Abdulnasir akiwa nyuma.

"Masoud, unatufanyia nini?"

"Nimefanya nini? Nimekula wali."

"Ndiyo hicho! Unakula wali! Wewe ukikaa hapo unakula wali, sisi tunakula nini?"

"Mnajua wenyewe mnachokula."

"Basi uje ule na sisi, au usije."

"Mnaniambia nisije msibani?"

"Nasema ule, ndugu yangu," alisema Haji, na uso wake ulikuwa na maumivu ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayetaka watu washibe na wasigombane. "Tonge moja tu. Watu wakuone."

Wahida, aliyekuwa anachambua mchele barazani, aliacha ungo.

"Haji," alisema Masoud, "wewe ungeniomba nikufie ningefikiria. Hilo la kula siliwezi."

Baada ya hapo waliacha kumwalika. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemchomea nyumba. Wakati wa karamu watoto walitumwa kualika nyumba zote isipokuwa ile. Akipita njiani watu walimsalimia vizuri, kwa ukamilifu, wakimwulizia hata hali ya mpunga, kisha wakaharakisha. Mtu ambaye alikuwa akilisha kijiji akawa anakula peke yake na mkewe, kisamvu na dagaa, mlango umefungwa.

Ninakasirika kila ninapoyafikiria haya, na sijui nimkasirikie nani. Hifadhi, iliyokaa mlangoni kwetu miaka yote bila kutushirikisha lolote ila makatazo? Wale wa semina, na pilipili zao? Au sisi, ambao nyati kwetu ni adui asubuhi, kitoweo mchana, na jioni akija mgeni mwenye kamera ni urithi wa taifa? Mtu mmoja alikuwa na neno moja ambalo hakulisema ovyo. Tulimwonea haya, kisha tukamwonea hasira, kisha tukazoea kutokuwepo kwake.

Kilichomwondoa Masoud mwishowe ni Wahida. Alichoka kula na mlango uliofungwa. Walikodisha shamba, wakafunga mizigo asubuhi moja, na Mwalimu Genoveva peke yake ndiye aliyewasindikiza mpaka barabarani. Haji alituma salamu na kuku.

Masoud Kibwana anaishi Bagamoyo mjini, katika nyumba ya kupanga jirani na kwa Naila. Anafanya kazi machinjioni. Anachinja ng'ombe na mbuzi kila alfajiri, na watu wa mjini wanakula kwa neno lake.